Kidonge Kimoja, Miili Tofauti

Kwa miaka mingi Watanzania wengi wanaoishi na VVU walimeza usiku kidonge chenye miligramu 600 za efavirenzi. Wajumbe wa kamati waliotembelea wagonjwa majumbani wakati ule, Kwa Mrombo kama kwingineko, wanayakumbuka malalamiko yake: kizunguzungu, ndoto za kutisha, hata kuchanganyikiwa. Jirani alimeza dawa ileile asione shida yoyote. Ni rahisi hapo kumdhania mgonjwa kuwa amerogwa au ni mdeko. Sababu iko kwenye ini.

Ini lina ukoo wa vimeng'enya viitwavyo saitokromu P450, vinavyovunjavunja dawa ili mwili uweze kuitoa. Binadamu ana jeni 57 za ukoo huu. Efavirenzi huvunjwa hasa na kimeng'enya kimoja, CYP2B6, ambacho jeni yake iko kwenye kromosomu ya 19. Kila mtu hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Katika baadhi ya nakala, herufi ya 516 ya maelekezo yake ni T badala ya G. Herufi moja tu, na ini hutengeneza kimeng'enya pungufu. Mwenye nakala mbili za aina hiyo hulimbikiza dawa kwenye damu.

Utafiti uliochapishwa 2013, uliohusisha wagonjwa wa Tanzania na Ethiopia, ulikuta aina hii katika nakala kama 4 kati ya 10 za Watanzania, na 3 kati ya 10 za Waethiopia. Kwa hesabu ya kurithi, Mtanzania 1 kati ya 6 hivi anazo zote mbili. Kwa kumtazama mtu, au kwa kabila lake, huwezi kumjua.

Kuanzia 2019 dolutegraviri ilichukua nafasi ya efavirenzi. Hii huvunjwa hasa na vimeng'enya vya ukoo mwingine. Lakini rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huviongeza vimeng'enya hivyo, na dolutegraviri huisha mwilini upesi. Ndiyo maana mwenye VVU anayetibiwa kifua kikuu huandikiwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mjumbe akikuta kidonge hicho cha pili nyumbani kwa mgonjwa, asidhani kituo kimekosea wala asimshauri akiache. Mwenye wasiwasi amsindikize kliniki akaulize.