Kadi, Mashine, na Siri ya Nyumba

Wale kati yenu wakaao Likasi mwaijua vema siku ya mshahara. Mbele ya milango ya benki husimama walimu, wauguzi na makarani, kila mmoja na kadi yake mfukoni. Desturi hii si ya zamani sana. Ilikuwa mwaka 2011 Serikali ya Kongo ilipoanza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki. Kabla ya hapo fedha zilisafirishwa taslimu, zikapita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na nafasi ya kupunguza. Tena katika orodha za malipo yalikuwamo majina ya watu wasiokuwako duniani.

Kadi imeondoa baadhi ya hatari hizo, lakini imeleta swali jipya nyumbani. Ni nani aijue nambari ya siri? Baba peke yake? Mama pia? Mtoto atumwaye dukani? Kabla ya kujibu, yafaa tuelewe kwanza jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi.

KADI NA MASHINE YAKE

Itazameni kadi. Upande mmoja pana kibati kidogo king'aacho. Chini yake kimefichwa chombo kidogo kuliko ukucha, kiwezacho kukumbuka na kufanya hesabu. Mfaransa Roland Moreno aliandikisha uvumbuzi wa kadi ya namna hii mwaka 1974. Kibati chenyewe kwa kawaida ni cha shaba, iliyopakwa nikeli, kisha dhahabu kidogo sana. Basi wazee waliotoa jasho katika viwanda vya Panda na Shituru wasidhani kwamba kitu hiki ni kigeni kabisa kwao.

Mtu achomekapo kadi ndani ya mashine, vidole vya chuma vya mashine hugusa kibati, umeme ukapita. Mwenye kadi hubonyeza nambari yake. Mara nyingine kadi yenyewe huilinganisha na ile iliyohifadhiwa ndani yake, ikajibu ndiyo au siyo tu, bila kuitoa siri nje. Mara nyingine nambari hufungwa kwa mafumbo ya hesabu mle mle ndani ya mashine, ndipo ikapelekwa benki. Kwa njia zote mbili haionekani kwa mwenye duka. Na mtu akiifungua mashine kwa hila, mashine iliyoundwa vema hufuta funguo zake za siri, isifae kitu tena.

Msiogope mambo haya. Kadi ya simu mliyo nayo ni ndugu yake kadi ya benki. Ukikosea nambari yake mara 3, hujifunga, ikadai nambari nyingine ya tarakimu 8 iitwayo PUK. Ukikosea hiyo mara 10, kadi imekufa.

Kwa nini nambari ya benki huwa na tarakimu 4? Mwingereza John Shepherd-Barron, aliyebuni mashine ya kutolea fedha iliyofunguliwa na benki ya Barclays huko Enfield, London, mwaka 1967, alisimulia kwamba alifikiri kuweka 6. Akamwuliza mkewe mezani, naye mama akajibu kwamba awezazo kukumbuka ni 4 tu. Tarakimu 4 zaweza kupangwa kwa njia 10,000. Kwa kuwa kadi hujifunga baada ya makosa machache, mwizi hana nafasi kubwa ya kubahatisha. Ila kama umechagua mwaka wako wa kuzaliwa, au 1234, umemfungulia mlango mwenyewe.

KWA MAMA MWENYE DUKA

Tuseme mama mmoja ataka kupokea malipo ya kadi dukani mwake. Afanye hivi. Kwanza, aipokee mashine kutoka benki tu, kwa mkataba, wala si kwa mpita njia. Aandike kando nambari ya chombo, tena atazame kama lakiri yake haikuvunjwa. Pili, aijaze umeme mapema, maana Likasi twajua jinsi taa zizimikavyo bila hodi. Tatu, ajaribu mahali mtandao wa simu unapofika vizuri. Nne, malipo ya kwanza yawe madogo, naye alinganishe karatasi itokayo na hesabu yake ya benki.

Tano, na hili ndilo kubwa, aiweke mashine ielekee mnunuzi, apate kuifunika kwa mkono wa pili abonyezapo. Mwenye duka asiulize kamwe, "Nambari yako ni ngapi?" Na mtandao ukikatika katikati ya malipo, asirudie kutoza kabla ya kuhakikisha kwamba malipo ya kwanza hayakupita. Maskini aliyetozwa mara mbili hawezi kungoja wiki mbili arudishiwe.

KWA BABA NA MAMA

Sasa turudi nyumbani. Baba mmoja aweza kusema, "Mimi na mke wangu tu mwili mmoja, kwa nini nimfiche?" Ni neno zuri. Lakini benki huihesabu nambari hiyo kama sahihi ya mkono wako. Fedha zikipotea baada ya wewe kumpa mtu mwingine nambari, hata kama ni mtu umpendaye, benki yaweza kukujibu kwamba ni wewe uliyetia sahihi.

Lakini wako wanaume watumiao sheria hiyo kama pazia. Huficha nambari, kisha huficha na mshahara wenyewe, na mama hubaki akikisia bei ya unga na karo ya watoto. Hapo ndipo ulipo ubaya. Nambari ni siri. Mshahara si siri. Wahenga husema, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Na katika nyumba, mama ndiye kata.

Basi baba, mwambie mkeo ni kiasi gani kimeingia, pangeni matumizi pamoja, na mfungue hesabu ya watu wawili kama benki yenu yakubali, kila mmoja na kadi yake na nambari yake. Ukiwa mgonjwa, mama hatalazimika kuja na kadi yako kwa hofu kama mwizi. Nanyi wazee, msimpe kijana asimamaye karibu na mashine kadi pamoja na nambari, ati awasaidie. Mwombeni mfanyakazi wa benki, tena mbonyeze wenyewe, polepole.

Kadi ikipotea, benki yaweza kutoa nyingine. Uaminifu kati ya mume na mke ukipotea, hakuna benki iwezayo kuutoa upya.