Nani Abebe Mvuto wa Nyuzi?

Nyuzi 6 za chuma za gitaa kavu huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, lipigwe lisipigwe. Mvuto huo hutua kwenye daraja lililogundishwa juu ya ubao wa uso, ambao unene wake kwa kawaida ni milimita 3 tu. Ubao ukizidi unene, sauti hufa. Ukipungua, huimba vizuri kwa muda kisha hubonyea. Ubunifu mwingi wa maana katika ufundi wa gitaa umezaliwa na ugomvi huo.

Ndono ya Wasukuma iliukwepa ugomvi huo zamani. Ni upinde wa mti wenye uzi mmoja, siku hizi waya, na kibuyu kilichokatwa mdomo. Kitanzi huuvuta uzi kuelekea kwenye mti na kuugawa sehemu mbili zenye sauti tofauti. Mpigaji hugonga uzi kwa kijiti, huku akikibana kibuyu kifuani na kukiachia ili mlio ubadilike. Hapa kazi zimegawanywa: mti hubeba mvuto wote, kibuyu hukuza sauti tu. Ndiyo maana ganda lake jembamba, ambalo kama lingebebeshwa uzi lingepasuka, hudumu.

Nanga, ala ya Wazinza wa upande wa Geita na jirani zao Wahaya na Wakerewe, haina hata kiungio kimoja. Huchongwa katika kipande kimoja cha mti mithili ya chano kirefu, na uzi mmoja hupitishwa kwenye mapengo ya kingo, kwenda na kurudi. Kingo nene za miisho ndizo zinazostahimili. Kwa kuwa haina ubao wa uso, sauti yake ni ya chini. Lakini kwa tendi ndefu zinazosikilizwa kwa karibu, hiyo si kasoro.

Gitaa lilichagua njia ngumu zaidi. Katika karne ya 19, Antonio de Torres wa Hispania aliukondesha ubao akautegemeza kwa mataruma, yaani vijiti vya mti vilivyogundishwa upande wake wa ndani, yaliyotandazwa kama mbavu za kipepeo cha mkono. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuthibitisha kwamba usoni ndiko sauti inakotoka. Huko Marekani C. F. Martin aliyakutanisha mataruma kwa umbo la X, na nyuzi za chuma zilipoenea, umbo hilo ndilo lililohimili.

Kwa fundi wa Kahama au Geita, mgongo si tatizo: mninga wa miombo, ukishakauka, haujipindi ovyo. Uso ndio mtihani. Msonobari wa mashamba kama Buhindi hukua haraka, pete zake ni pana, hivyo ubao huachwa mnene kidogo na mataruma kusogezwa karibu. Kugundisha nako kuna majira yake. Ubao uliogundishwa masika husinyaa kiangazi cha Shinyanga kikishika, ukapasuka katikati. Uliogundishwa kiangazi huvimba mvua zikija, ukainuka kidogo tu.