Je, Wajua? Redio za Polisi na Masikio ya Umma

Kwa miongo mingi, Mmarekani yeyote mwenye redio inayofaa aliweza kusikia polisi wa mji wake wakitumwa kazini. Sasa miji inafunga mawasiliano hayo kwa usimbaji fiche, mmoja baada ya mwingine. Je, wajua…

…kwamba polisi wa Detroit ndio waliofanikiwa kwanza kuagiza magari ya doria kwa redio, mwaka 1928? Askari garini alisikia tu, hakuweza kujibu. Redio ya kuzungumza pande zote mbili ilianza kutumika Bayonne, New Jersey, mwaka 1933.

…kwamba katika miaka ya 1930 redio nyingi za sebuleni ziliuzwa zikiwa na alama ya “polisi” kwenye kipimo cha masafa? Familia ilimaliza kusikiliza muziki, ikageuza kitufe, ikafuatilia wizi wa mtaa wa pili.

…kwamba mpigapicha Weegee wa New York alipata kibali mwaka 1938 cha kuwa na redio ya polisi ndani ya gari lake? Ndiyo maana mara nyingi alifika penye tukio mapema kuliko wenzake, na picha zake zikamfanya maarufu.

…kwamba namba za redio za polisi kama “10-4”, yaani “nimeelewa”, hazikubuniwa ili kuficha siri? Namba hizo zilianza kuundwa Illinois mwaka 1937 na Charles Hopper ili kufupisha maneno. “Kumi” iliwekwa mbele kwa sababu redio za wakati ule zilichelewa kidogo kuwaka, hivyo silabi ya kwanza ilimezwa. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilitaka lugha ya kawaida itumike pale vikosi mbalimbali vinapofanya kazi pamoja, kwa kuwa namba ileile ilikuwa na maana tofauti toka idara hadi idara.

…kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto yaliyo wazi kwa umma? Yaliyosimbwa hayamo katika ruhusa hiyo. Na New York na Florida ni kati ya majimbo yanayobana matumizi ya redio za kunasa mawasiliano ya polisi ndani ya gari.

…kwamba redio kuwa ya dijitali si sawa na kusimbwa? Sauti ya dijitali isiyosimbwa hunaswa na skana inayofaa. Mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kuwa kidubwasha cha kompyuta cha kupokea matangazo ya televisheni, cha bei ndogo tu, kinaweza kugeuzwa kuwa kipokezi cha masafa mengi, yakiwemo ya polisi.

…kwamba kinachofunga kweli ni ufunguo? Katika mfumo wa P25 unaotumika sana Marekani, sauti inaweza kuchanganywa kwa ufunguo wa biti 256. Asiye nao haambulii kitu, hata akiwa polisi wa mji jirani aliyekuja kusaidia.

…kwamba vikosi vinaweza kukosa kusikilizana hata bila usimbaji wowote? Septemba 11, 2001, marubani wa helikopta za polisi wa New York walionya kwamba mnara wa kaskazini wa World Trade Center unakaribia kuanguka. Wazimamoto walikuwa kwenye mfumo mwingine wa redio. Siku hiyo walikufa wazimamoto 343 wa jiji hilo.

…kwamba hoja ya usalama wa askari, inayotolewa kutetea usimbaji, si ya kubuni? Aprili 2013, katika msako wa walipuaji wa mbio za marathon za Boston, watu wengi mno walisikiliza redio za polisi kupitia intaneti. Polisi wakaomba hadharani watu wasitangaze nyumba zinazopekuliwa.

…kwamba California, mwaka 2020, ilitaka majina, tarehe za kuzaliwa na namba za leseni za raia zisisikike hewani? Idara zilipewa njia mbili: kusimba, au kuweka utaratibu wa kulinda taarifa hizo tu. Palo Alto ilifunga kila kitu Januari 2021, ikafungua tena Septemba 2022. Polisi wa barabara kuu wa jimbo hilo hawakufunga kabisa.

…kwamba Chicago ilijaribu njia ya katikati? Raia husikia mawasiliano yakiwa yamecheleweshwa kwa dakika 30. Kwa mwandishi anayetaka kuwahi eneo la tukio, hiyo ni habari ya jana. Colorado nayo, kwa sheria ya mwaka 2021, inazitaka idara zinazosimba mawasiliano yote ziwe na sera ya kuvipa vyombo vya habari vya jimbo nafasi ya kusikiliza.

…kwamba Uholanzi imefunga nusu na kuacha nusu? Sauti za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa zimesimbwa, lakini ujumbe mfupi wa kuwaita kazini, kupitia mfumo wa P2000, uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma.

…kwamba baharini kanuni ni kinyume kabisa? Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, iko wazi kwa makusudi. Nahodha anayezama kati ya Tanga na Pemba hajui nani yuko karibu, kwa hiyo humwita kila mtu.

…kwamba kufuli bila nidhamu ni pambo? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha jinsi maofisa wa serikali kuu ya Marekani walivyozungumza mambo nyeti hewani wakidhani wamesimba, kumbe hawajawasha usimbaji. Walionyesha pia kuwa P25 inaweza kuvurugwa kwa kifaa cha kuchezea cha watoto, cha rangi ya waridi.

…kwamba hata ufundi wa kufuli lenyewe ulifichwa? Mfumo wa redio wa TETRA, unaotumiwa na vikosi katika nchi zaidi ya 100, ulificha kanuni zake za usimbaji tangu miaka ya 1990. Mwaka 2023 watafiti Waholanzi wa kampuni ya Midnight Blue walizichambua na kukuta kuwa moja, TEA1, ina ufunguo wa biti 80 uliopunguzwa ndani kwa ndani hadi biti 32. Kompyuta ya kawaida iliuvunja kwa chini ya dakika moja. TEA2, ya vikosi vya Ulaya, haikukutwa na kasoro hiyo. Mwaka huohuo ETSI, taasisi ya Ulaya inayosimamia viwango vya TETRA, iliamua kuziweka kanuni hizo hadharani ili wataalamu wa nje wazikague.