Mlango wa gari uliochoka usiufunge kwa mpira

Kama familia yenu ina gari la miaka mingi, au mtoto wako hupandishwa kila asubuhi kwenye Noah ya kukodi kwenda shule, bila shaka umewahi kuambiwa: bamiza kwa nguvu, huo mlango una tabia yake. Mara nyingi tabia hiyo ni kitasa kilichochakaa, na wapo wanaoimaliza kwa kufunga mlango kwa kipande cha mpira wa tairi.

Mpira huo una hatari mbili. Gari likikata kona, unaweza kuachia na mtoto aliyeegemea mlango akatoka. Gari likipinduka au kushika moto, aliye ndani hawezi kuufungua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Ndani ya kitasa kuna ulimi wa chuma unaozunguka na kung'ata chuma chenye umbo la herufi U kilichofungwa kwenye bodi. Hung'ata kwa hatua mbili, ndiyo maana mlango mzima hulia mara mbili. Ukilia mara moja umeshikilia nusu tu: utauona umetokeza kidogo nje ya bodi, upepo unapiga mluzi, au taa ya mlango kwenye dashibodi haizimi.

Kabla ya kununua chochote, fungua mlango kidogo kisha uunyanyue kwa mikono miwili. Ukicheza juu na chini, tatizo ni bawaba. Kwa mlango wa kuburuta, tazama rola na reli zake, hasa ya chini, ambako mchanga na maganda ya karanga (wazazi mnajua yanatoka wapi) hujazana. Mlango ulioshuka haukutani sawasawa na ile U, hata kitasa kikiwa kipya.

Kama haujashuka, safisha kitasa kwa brashi na dawa ya kulainisha vyuma, kisha paka grisi kidogo. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi huipenda kwa sababu ni ya bure, hunasa vumbi na tatizo hurudi. Bado hakishiki? Fundi alegeze skrubu za ile U na kuisogeza kidogo kidogo, baada ya kuchora alama mahali ilipokuwa.

Ikibidi kubadilisha, vitasa vilivyotumika kutoka Japani vipo kwenye maduka ya spea. Kijaribu palepale dukani: sukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili, kisha uvute. Usiachie mpaka uvutwe mkono wa kufungulia. Ukijaribu hivyo mlango ukiwa tayari kwenye gari, uachie ulimi kabla ya kufunga, la sivyo utagonga U na kupinda.

Milango mingi ya nyuma ina kiswichi kidogo pembeni kinachozuia mtoto kufungua akiwa ndani. Baada ya matengenezo, kaa ndani mwenyewe ujaribu kama bado kinafanya kazi. Hakiponyi kitasa kibovu, na hakichukui nafasi ya mkanda.

Mtoto akianguka kutoka kwenye gari, usimnyanyue haraka wala kumkalisha. Kama eneo ni salama, mwache alale bila kugeuza shingo mpaka msaada ufike, na damu inayotoka ikandamize kwa kitambaa safi. Apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege au kuumwa kichwa kunakozidi kunaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, na hizo ni dalili za kumrudisha hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Kwa gari la shule, kesho asubuhi funga mlango mwenyewe na usikilize. Ukilia mara moja, mtoto asipande. Mwambie dereva, na mpigie mwalimu mkuu siku hiyohiyo.