Usitupe kaseti ya kibandani

Ukivuka mpaka wa Malaba kwa miguu, kutoka Kaunti ya Busia upande wa Kenya hadi Wilaya ya Tororo upande wa Uganda, unabadilisha pesa, unabadilisha laini ya simu, na ukipita karibu na kibanda cha video unabadilisha pia msimulizi. Huku Kenya jina ni DJ Afro, mwenye Kiswahili kilichokolea Sheng. Kule Uganda ni ma-VJ, yaani wasimulizi wa filamu, wa Kiluganda, na anayetajwa kwanza mara nyingi ni VJ Jingo. Jackie Chan ni yuleyule na mateke ni yaleyale, ila anayekueleza kwa nini mateke hayo yanapigwa ni mtu mwingine kabisa, na ndiye watu wanayemlipia.

Kazi hiyo ya kusimulia filamu ilishika kasi Uganda miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, vibanda vya video vilipoenea. Tanzania nayo ikampata Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kaseti zake za VHS zenye masimulizi ya Kiswahili zilitafutwa hasa, hata Matthias Krings, mwanaanthropolojia Mjerumani, akaziandikia utafiti. Msimulizi hupunguza sauti ya filamu, hushika maikrofoni, humpa adui jina la mtaani, humwonya steringi aangalie nyuma. Mtazamaji asiyejua neno la Kiingereza wala la Kichina hutoka na hadithi nzima kichwani. Kwangu mimi huo ni utunzi, tena utunzi wa papo kwa papo, na unastahili kutunzwa kama tunavyotunza tenzi na ngano.

Wapenzi wa filamu wa nchi nyingine wameshaonyesha kwamba kazi ya kuhifadhi haisubiri kampuni. George Lucas aliifanyia Star Wars marekebisho mwaka 1997, miaka 20 baada ya kutoka, na tangu hapo toleo jipya likawa ndilo linalouzwa kwa kawaida. Mashabiki wakaingia kazini. Petr Harmáček wa Jamhuri ya Cheki alilijenga upya toleo la 1977, kipande kwa kipande, kutoka vyanzo mbalimbali. Kundi jingine likasaka nakala za filamu za milimita 35 zilizowahi kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema na kuziskani fremu moja baada ya nyingine. Kanda za VHS na diski za leza, ambazo watu walikuwa wakizitupa, zikageuka ushahidi wa jinsi filamu ilivyokuwa kabla haijaguswa.

Kwetu mambo yamekaa kinyume. Filamu kama Commando ya 1985, ya Arnold Schwarzenegger, haitapotea. Studio inayo, maduka yanayo, mitandao inayo. Kinachopotea ni Commando iliyosimuliwa. Hakuna ghala lolote la Marekani lenye sauti ya VJ aliyerekodi chumbani kwake akiwa na deki mbili, mikisa na maikrofoni. Ikiwa ipo, ipo ndani ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, kwenye sanduku la mtu aliyefunga kibanda zamani na kwenda kuuza mitumba au kubadilisha fedha.

Uganda imeshapata funzo la jinsi kazi inavyoweza kuondoka. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti ndogo sana. Kompyuta ilipojaa, aliifuta filamu hiyo ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Toleo lisilo na msimulizi limepotea. Inayotazamwa na mamilioni ya watu leo ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akicheka, akipiga kelele, akimsifu komando. Hapo nakala ya msimulizi ndiyo iliyobaki kuwa filamu yenyewe.

Sasa tuifungue kaseti tuone sauti hiyo inakaa wapi. Chini kuna skrubu 5. Ndani kuna utepe wenye upana wa nusu inchi. Ule wa dakika 180 una urefu wa takriban mita 258, na ni mwembamba kuliko unywele. Picha imeandikwa kwa mistari ya mshazari katikati ya utepe, nayo husomwa na vichwa vilivyo kwenye ngoma inayozunguka mara 25 kwa sekunde. Lakini katika deki za kawaida zisizo za hai-fai, sauti imebanwa kwenye ukingo wa juu, kijia cha upana wa milimita moja tu. Na ukingo ndio unaoumia kwanza deki inapokula mkanda. Picha inaweza kurusha chenga na bado ukaifuatilia. Ukingo ukikunjamana, VJ ananyamaza.

Ndiyo maana papara ni hatari. Kabla ya kuicheza kaseti ya zamani, ichungulie kwenye kidirisha chake dhidi ya mwanga. Ukiona utando mweupe juu ya mizingo, hiyo ni kuvu. Ukiitia kwenye deki, vichwa vitachafuka na kaseti itakayofuata itaambukizwa. Isafishwe kwanza na fundi, na deki nayo isafishwe vichwa kwa spiriti safi. Irudishwe nyuma yote taratibu, kisha irekodiwe kwenye kompyuta mara moja, mfululizo, kwa deki bora kuliko zote unazoweza kuazima. Utepe dhaifu hauhitaji kuchezwa mara kumi.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo vijana wetu wa studio za muziki wanaiweza vizuri sana. Sauti ya msimulizi inaweza kupandishwa juu ya picha safi ya diski. Kanda nyingi za kwetu ni za mfumo wa PAL, ambao huendesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, hivyo filamu ya dakika 100 huisha kwa dakika 96. Sauti lazima inyooshwe kwa kiasi hicho, la sivyo VJ atatangaza risasi kabla bunduki haijainuliwa. Hata hivyo, naomba nakala ya awali isitupwe, na chenga zake, na kelele za kunakiliwa. Hivyo ndivyo watu walivyoitazama.

Muda umetupita. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019, UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba ifikapo 2025 kanda za sumaku zingekuwa ngumu kusomeka, hasa kwa kukosa mashine na vipuri. Mwaka huo umekwisha kufika.

Kuna suala la hakimiliki, na sitaki kulikwepa. Wasimulizi wengi hawakuwa na kibali cha studio, na sheria za nchi zote mbili, ya Kenya ya 2001 na ya Uganda ya 2006, zinamlinda mwenye filamu. Hofu hiyo inatosha kuzifanya taasisi za umma zizikwepe kaseti hizi. Naona zimekosea. Kuhifadhi nakala moja kwa ajili ya utafiti si kufungua duka. Makumbusho ya Uganda na Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya zina uzoefu wa kutunza vitu vya aina nyingi. Zikae na wasimulizi walio hai, zirekodi pia kumbukumbu zao, kisha zitafute njia ya kisheria ya kuzipokea kanda hizo.

Wewe uliyewahi kuendesha kibanda Malaba, Busia au Tororo, au uliyerithi sanduku la marehemu mjomba, usilichome na takataka. Zisimamishe kaseti wima, mahali pakavu, mbali na spika na jua. Kwenye kila moja andika jina la msimulizi, lugha, mwaka kama unaukumbuka, na kibanda ilikotoka. Halafu mtafute fundi ambaye deki yake bado inazunguka, wiki hii.