Mba ya Kichwani Si Uchafu

Miongoni mwa maradhi ya ngozi yanayowasumbua watu wengi pasipo kuwalaza kitandani ni mba ya kichwani. Magamba meupe huanguka mabegani, kichwa huwasha, na mgonjwa huona haya kukaa karibu na wenzake asije akadhaniwa mchafu. Dhana hiyo ya uchafu huwafanya wengi waufiche ugonjwa na kujitibu kwa njia zinazouzidisha. Sayansi imeonyesha kwamba chanzo chake ni kingine.

Chanzo cha mba

Ngozi ya kichwa ina tezi nyingi zitoazo mafuta. Juu yake huishi vimelea vidogo sana vya kuvu, vya jamii ya hamira, viitwavyo Malasezia. Jina hilo latokana na Mfaransa Louis-Charles Malassez, aliyevieleza mwaka 1874. Vimelea hivi vimo katika kichwa cha kila mtu mzima, awe msafi au mchafu. Kwa kuwa haviwezi kujitengenezea mafuta vinavyoyahitaji, huyavunjavunja mafuta ya ngozi, vikatumia sehemu na kuacha nyingine. Masalio hayo, hasa asidi ya oleiki, huidhuru ngozi ya baadhi ya watu. Ngozi iliyodhurika hujijenga upya kwa haraka kupita kiasi, na chembe zake hubanduka zikiwa zimeshikamana. Hayo ndiyo magamba yanayoonekana.

Hali hiyo ikizidi, ngozi huvimba, huwasha sana na kutoa magamba ya manjano yenye mafuta. Huo ni ukurutu wa kichwani, ambao huweza kufika kwenye nyusi, kando ya pua na nyuma ya masikio. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Mara nyingi hutokea mabaka yaliyopauka, ambayo hurudia rangi polepole baada ya tiba.

Madhara ya mafuta

Kwa kuwa magamba hufanana na ngozi kavu, wengi hupaka mafuta kichwani. Magamba hulainika na kufichika kwa siku moja au mbili, lakini hayajaondoka. Na baadhi ya mafuta, kama ya zeituni, huwa chakula cha vimelea vile vile. Anayehitaji mafuta ili nywele zisikatike azipake nywele zenyewe, si ngozi. Kusugua kichwa kwa ndimu au mafuta ya taa huichoma ngozi na kuongeza maumivu.

Tiba

Tiba iliyothibitishwa ni shampuu yenye dawa ya kuzuia kuvu, kama vile ketokonazoli asilimia 2, seleni sulfidi au zinki pirithioni. Shampuu hupakwa kwenye ngozi ya kichwa, ikaachwa kwa muda wa dakika 5 hivi, kisha ikasuuzwa. Hufanywa hivyo mara mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Wenye nywele za kipilipili zinazokatika upesi, na wanaosuka, yafaa waoshe mara moja kwa wiki.

Makosa mawili huharibu tiba hii: kuisuuza dawa mara tu baada ya kuipaka, na kuiacha kabisa magamba yanapokwisha. Vimelea havimaliziki, hurudi kama magugu katika shamba lisilopaliliwa. Kwa hiyo dawa iendelee kutumiwa mara moja kila wiki moja au mbili. Krimu kali za kuondoa uvimbe zisipakwe bila ushauri wa daktari, kwani huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Wakati wa kwenda zahanati

Si kila gamba ni mba. Mtoto wa shule mwenye magamba na sehemu zilizonyonyoka nywele huenda ana mapunye, ambayo huletwa na kuvu wa aina nyingine. Mba haiambukizi, lakini mapunye huambukiza, na shampuu peke yake haiyaponyi. Huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Mapunye yakicheleweshwa huweza kuacha makovu yasiyoota nywele tena. Magamba ya utosini mwa mtoto mchanga, kwa upande mwingine, kwa kawaida huisha yenyewe, yasikwanguliwe.

Mtu mzima ambaye ukurutu umemjia ghafla, ukawa mkali na kuenea usoni na kifuani, yafaa apime pia Virusi vya Ukimwi, kwa sababu kinga ya mwili inapopungua ugonjwa huu hupamba moto. Kupima mapema humwezesha kuanza dawa mapema. Aliyeuficha ugonjwa wake chini ya kofia au kilemba kwa kuona haya hukosa nafasi hiyo.