Kulitazama Paa Bila Kulipanda

 Ninyi mliokusanyika katika makundi, sogeeni karibu na redio; nanyi mnaosikiliza peke yenu nyumbani, chukueni daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Somo letu ni juu ya paa la nyumba, na namna ya kulikagua kwa chombo kiitwacho droni, ambacho wengine hukiita ndege nyuki. Aliyekwisha kusikia mlio wake hatauliza sababu ya jina hilo.

Tuanzie Tunduma, katika Mkoa wa Songwe. Mji huo uko mpakani kabisa. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, nchi ya Zambia. Nyumba nyingi huko zimeezekwa kwa mabati, na mvua yake ni ya msimu mmoja mrefu, tangu Novemba hivi mpaka Aprili. Basi, bati likitoboka mwezi wa Desemba, mwenye nyumba atakinga ndoo karibu hadi Pasaka.

Afanyeje? Kwa desturi humwita fundi. Fundi huegemeza ngazi, hupanda, hutembea juu ya mabati, kisha hushuka na kusema, "Mzee, mabati yote yamekwisha. Tubadilishe yote." Mzee yuko chini na macho yake hayafiki. Ama atalipa kwa neno la mtu mwingine, ama atakataa na kubaki na shaka mpaka mvua inyeshe tena. Na yule fundi naye, hata kama ni mkweli, ameitia shingo yake hatarini kwa ajili ya kutazama tu. Bati lililoliwa na kutu kwa chini halimwonyi mtu. Papi iliyooza hukatika ghafla. Hatari ni kubwa zaidi katika nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto. Asbesto kuukuu huvunjika chini ya unyayo kama chungu, na vumbi lake likiingia katika pumzi huleta maradhi mabaya ya mapafu, na hata saratani.

Hapo ndipo droni inapofaa. Ni ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, aghalabu yenye mapanga manne, nayo huongozwa na mtu aliye chini kwa kifaa cha mkononi. Hubeba kamera. Nyingi za aina ndogo hazifiki uzito wa kilo moja, na betri moja huiweka hewani nusu saa hivi au pungufu. Kwa nyumba ya kawaida muda huo watosha na kubaki.

Sasa ile hesabu. Watu wakipata droni kwa mara ya kwanza hupenda kuirusha juu sana, wapate kuuona mji mzima. Ni raha, lakini si kukagua paa. Chukua kamera ambayo picha yake ina nukta 4,000 kwa upana. Ikiwa mita 10 juu ya bati, kamera kama hiyo huona upana wa mita 15 hivi. Mita 15 ni milimita 15,000. Gawanya kwa 4,000. Mmepata ngapi? Karibu 4. Maana yake ni kwamba kila nukta ya picha yabeba milimita 4 za bati. Kichwa cha msumari wa bati chenye upana wa sentimita 2 kitapata nukta tano, na jicho litakiona. Sasa ipandishe droni hadi mita 60, yaani mara sita. Nukta moja yabeba zaidi ya sentimita 2, na msumari wako umemezwa mzima.

Tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikisaidiwa na Benki ya Dunia na kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni. Kila nukta ya picha zile ilibeba sentimita 7 hivi. Mwaka 2018 wataalamu wa kompyuta walishindanishwa kuzisoma, nao walitakiwa kuyagawa majengo katika mafungu matatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na yaliyo msingi tu. Kwa kazi hiyo picha zilifaa sana. Walakini picha za namna ile hazitamwambia mzee wa Tunduma ni msumari upi unaovujisha.

Haya, tuingie kazini. Saa ya kupiga picha ni asubuhi, saa tatu au saa nne. Jua la adhuhuri hulifanya bati jipya kung'aa kama kioo, na picha huwa nyeupe tupu. Jua la asubuhi hutupa vivuli, na bati lililoinuka pembeni hujionyesha kwa kivuli chake. Kwa kutazama kutu, siku ya mawingu mepesi ni bora zaidi. Siku ya upepo mkali au mvua, acheni kabisa.

Piga kwanza paa zima kutoka juu. Kisha upige upande mmoja mmoja, ukienda na kurudi kama mtu alimaye matuta, kila picha ikiilalia iliyotangulia kwa zaidi ya nusu yake, kusudi lisibaki bati lisiloonekana. Halafu inamisha kamera, upige kwa mshazari kutoka pembe nne za nyumba. Mwisho usogee mahali penye mashaka: kwenye kofia juu kabisa, kwenye mfereji ambapo miteremko miwili hukutana, kandokando ya bomba linalotokeza juu ya bati, na ndani ya gata. Tazama hasa misumari. Ukiona mchirizi wa kutu unashuka kutoka kwenye msumari, raba yake ichunguzwe. Jihadhari na nyaya za umeme zinazoingia nyumbani, na matawi ya miti. Jihadhari na mwewe pia. Huidhani droni kuwa mgeni katika milki yake, naye huishambulia.

Picha zisipoandikwa hazina maana. Fungua daftari, uandike tarehe, namba ya nyumba, na jina la kila upande wa paa: upande wa barabara, upande wa mwembe, vyovyote mnavyouita hapo nyumbani. Andika na urefu ambao droni ilirushwa. Mwaka ujao, mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, rusheni tena kutoka mahali pale pale, kwa urefu ule ule. Doa la kutu lililokuwa kama sarafu likiwa sasa kama sahani, kila mtu ataliona, mwenye nyumba, mpangaji na fundi. Hapo fundi akisema "mabati yote yamekwisha," mzee ataweza kumjibu, "Nionyeshe, fundi. Mimi naona manne upande wa mwembe." Na kama ni kweli yote yamekwisha, mzee ataliona hilo pia, na atalipa bila manung'uniko. Picha za siku ile paa lilipokamilika zihifadhiwe kwa uangalifu zaidi kuliko zote. Upepo ukiling'oa, ndizo zitakazoonyesha lilivyokuwa kabla.

Sasa sheria. Droni si kishada cha mtoto. Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 juu ya vyombo hivi, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na idhini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa huhitajiwa pia. Ninyi wa Tunduma mna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Hapo kuna mpaka, na kuna kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na marais wa nchi mbili mwezi wa Oktoba 2019. Upepo ukiisukuma droni mita mia tu, huenda umekwisha kuirusha katika nchi nyingine. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba msikimbilie kununua. Mtafuteni mtu mwenye kibali, wenye nyumba wa mtaa mmoja wachangiane, aje siku moja akague nyumba zote.

Tena mwenyekiti wa mtaa na majirani waambiwe siku na saa. Nyumba zetu nyingi zina bafu la uani lisilo na paa, na hakuna mtu apendaye kukutwa akioga na kamera inayoelea juu yake. Picha ya ua wa jirani ikiingia kwa bahati mbaya, ifutwe.

Nisiwadanganye: droni huona, haigusi. Haiwezi kujua kama mchwa wamekula kenchi, wala kama msumari unacheza. Hayo hutazamwa kwa ndani. Zimeni taa mchana wa jua kali, mtazame juu kupitia mlango wa dari. Tundu lolote litaonekana kama nyota. Kisha, picha zikionyesha pa kutengeneza, fundi atapanda, lakini mara moja, akijua anakokwenda. Ngazi ifungwe kamba, fundi naye afungwe kamba iliyoshikizwa mahali imara, na akanyage penye mstari wa misumari, kwa maana chini yake ipo papi. Asbesto isikanyagwe kabisa.

Na asiyeweza kupata droni? Achukue mwanzi mrefu mkavu, afunge simu yenye kamera kwenye ncha yake, aiweke ijipige yenyewe kila baada ya sekunde chache, kisha ainyanyue kutoka chini, mbali na nyaya za umeme. Kwa nyumba ya chini, njia hii yafaa kabisa.

Kazi ya wiki hii: kila kundi lichore paa la nyumba ya mwanakundi mmoja kama linavyoonekana kutoka juu, litaje pande zake, na litie alama mahali maji hukusanyika. Mtaje pia ni lini paa hilo lilikaguliwa mara ya mwisho, na nani aliyepanda. Wiki ijayo tutazungumza juu ya gata na kukinga maji ya mvua. Kwaherini.